Aliyeombea Wimbo Wake Udode

Mwaka ule wa sabini na moja, katika mji wote wa Nashville, mji wenye waimbaji wengi kuliko mbwa, alikuwapo mwimbaji mmoja tu aliyepiga magoti kila asubuhi kumwomba Mungu wimbo wake udode. Jina lake Ardith Pogue. Wenzake walikuwa wakifunga na kutoa sadaka, wakiwanunulia watangazaji wa redio chakula cha mchana, ili mradi nyimbo zao zipigwe. Ardith yeye alifungua redio ya jikoni, akasikiliza nusu saa, na akisikia wanaimba wengine tu anashusha pumzi na kusema, "Asante Bwana. Na kesho iwe hivyohivyo."

Usimcheke. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na miguu miwili na lori la kijani.

Miaka mitano nyuma Ardith aliimba wimbo ulioitwa "Kahawa Jikoni". Mwanamke anaamka alfajiri, anateleka birika la kahawa ili mume aliyelala asikie harufu adhani mke yupo, kisha anatoka mlango wa nyuma, viatu mkononi, wala harudi. Basi. Beti tatu, gitaa moja, fidla moja. Wanawake walisimamisha magari kando ya barabara wakalia. Wimbo haukusema mwanamke yule alikwenda wapi, na utamu wake ulikuwa hapohapo.

Watu wote waliamini mwanamke wa kahawa ni Ardith mwenyewe, naye akawaacha waamini. Ukweli ni kwamba Ardith aliwahi kuwa na mume miezi minane tu, mpiga gitaa mmoja mpole aliyekuwa akiwaomba radhi hata mende. Aliyeondoka na viatu mkononi ni mdogo wake, Nelda. Aliyebaki akikoroma ni Virgil Tackett, fundi wa mashine katika mgodi wa makaa ya mawe huko kwao Sorrel Fork, milimani mashariki ya Kentucky. Virgil alikuwa amemvunja Nelda kifundo cha mkono mara mbili. Mara ya pili alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye foleni, akamshikia na mkoba. Wauguzi walimsifu.

Sasa Nashville ina ugonjwa wake. Wimbo ukipendwa hauachwi ukapumzika, lazima uzae. Treni iliyoanguka kwenye wimbo wa kwanza inatengenezwa kwenye wa pili. Mbwa aliyekufa inagundulika aliacha watoto sita. Mlevi anaokoka, mfungwa anaachiwa, waliotalikiana wanakutana kwenye harusi ya binti yao, na msikilizaji aliyetoa machozi ya kweli mara ya kwanza anabaki kujikuna kichwa. La kuvunda halina ubani, lakini nani awaambie wenye makampuni ya santuri? Wao walikuwa wanahesabu barua. Na barua za "Kahawa Jikoni" zilikuwa zinauliza swali moja: alikwenda wapi?

"Watu wanataka kujua, Ardith," alisema Buford Lanier, mtayarishaji wake, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza. "Miaka mitano mama wa watu yuko barabarani na viatu mkononi. Mpe hata pa kukaa."

"Akikaa wimbo unakufa, Buford."

"Utakufa tajiri. Andika."

Akaandika. Akauita "Kahawa Imepoa". Siku ya kurekodi akaingia studio na ubeti wa kwanza na kiitikio, ubeti wa pili hana. Hilo si jambo la ajabu. Pale nyimbo humaliziwa kwenye karatasi ya kufungia mkate, wapigaji wameshakaa kwenye viti. Lakini muda wa studio ni saa tatu, nyimbo nne, na wao walikuwa wamebakiza dakika kumi na tano. Ardith akajaribu: mwanamke yuko California, ufukweni, anakula machungwa.

Buford akabonyeza kitufe akasema kupitia kipaza sauti, "California? Binti wa milimani anafanya nini California, mama? Wasikilizaji wetu wana pua. Ukiwatajia mahali usipopajua wanakunusa mara moja. Nipe mahali ninapoweza kugonga mlango."

Hii ndiyo sheria ya nyimbo zile, na Ardith alikuwa ameinyonya kama maziwa: imba unachokijua, taja barabara, taja kanisa. Alikuwa amechoka, koo limekauka, wapiga violini kumi na wawili wanamtazama na kutazama saa. Akafumba macho kutafuta kitu cha kweli, na cha kweli kikamtoka mdomoni kabla akili haijawahi kusimama mlangoni:

*Nina duka la maua Paducah, kando ya mto,*
*nyuma ya kanisa la matofali, na usiku sina ndoto.*

"Hapo sasa!" Buford alipiga kelele. "Tumemaliza!"

Ardith alikuwa ameshafika nyumbani, anavua viatu, ndipo alipotambua alichoimba. Akakaa sakafuni palepale. Duka la maua katika mji wa Paducah, nyuma ya kanisa la matofali, ndipo Nelda alipokuwa. Miaka sita alikuwa ameificha siri ya aliko mdogo wake hata kwenye sala zake, maana watu husikia, na leo ameiimba na violini kumi na mbili nyuma yake. Mdomo uliponza kichwa. Lakini kichwa kilichoponzwa si chake.

Kesho yake alimwendea Buford amwombe ubeti ufutwe. Buford akasema ubeti ule ndio pekee unaonukia ukweli katika wimbo mzima. Sababu Ardith hakuweza kumpa. Buford angeichukua sababu ile akaipeleka gazetini kabla ya chakula cha mchana, ingekuwa tamu kuliko wimbo wenyewe. Santuri ikatoka.

Na jamani, ilikuwa mbovu! Violini zilikuwa zinalia kama mlango usiotiwa mafuta, na kwaya ya watu wanane ikiitikia "imepoa, imepoooa" kila mstari. Mtangazaji mmoja wa Nashville aliipiga mara moja, akasema, "Mwenye kuchemsha nyingine na achemshe." Mji mzima ukacheka. Waimbaji wenzake walimwamkia barabarani kama mtu aliyefiwa. "Pole, Ardith." Naye anainama, anaficha uso, wakidhani analia, kumbe roho yake inapiga vigelegele. Wiki ya kwanza, bure. Wiki ya pili, bure. Wiki ya tatu akaanza kulala.

Wiki ya nne akapiga simu Delbert, kijana wa kampuni aliyekuwa na kazi ya kuzungukia vituo vya redio. Delbert alikuwa na moyo mzuri, na hakuna mtu hatari kama mwenye moyo mzuri asiyejua kitu.

"Bi Ardith, usikate tamaa! Kuna mahali wanakupenda. Kituo kimoja tu, kidogo, lakini wanakupiga kila siku. Mara mbili kwa siku!"

"Wapi?"

"Kwenu kulekule! Sorrel Fork. Kuna bwana mmoja anapiga simu kila mchana kuuomba. Mtangazaji anasema ana adabu sana. Jina hasemi, anasema tu yeye ni kama ndugu yako."

Ardith alisikia Delbert anaendelea kuongea, kwamba wenye maonyesho ya wilaya wamesikia wimbo unavyopendwa wanamtaka akaimbe Jumapili ijayo mchana, je, awajibu ndiyo? Ardith akajibu kitu, hata hakujua ni kitu gani. Alipoweka simu aliona ameshika waya kwa nguvu hadi umemchora kiganjani.

Akampigia Nelda.

"Funga duka," alimwambia. "Leo. Panda basi uje kwangu, au nenda popote. Virgil amesikia."

Alisikia kengele ya duka ikilia upande wa pili, na Nelda akimwambia mteja, "Yale ya njano ni ya jana, mama, chukua haya." Kisha akarudi kwenye simu.

"Kwa hiyo kweli umetaja," Nelda alisema. "Niliusikia kwenye redio ya muuza nyama. Nikasema nimesikia vibaya. Nikasema dada yangu hawezi."

"Nelda, nisamehe. Nilikuwa..."

"Ulikuwa unatafuta vina."

Mbele ya Mungu, ndivyo ilivyokuwa.

"Sikiliza, dada," Nelda akasema. "Nimeshakimbia mara tatu. Knoxville nilikimbia kwa sababu niliona kofia tu, kumbe mtu mwingine. Nimebadili jina. Nimejifunza maua kwa mikono hii ambayo mmoja haukunji vizuri. Hapa watu wananijua. Sikimbii tena kwa sababu ya wimbo wako, tena wimbo wenyewe mbovu vile!"

"Atakuja kukuua."

"Najua," Nelda alisema. "Unafikiri sijui? Nalala na mkasi wa kukatia matawi chini ya mto. Lakini siondoki. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango, wewe kaufunge."

Simu ikakatwa. Basi Ardith akamwambia Delbert kwamba Sorrel Fork ataenda.

Jumapili ile ya Agosti joto lilikuwa la kuchemsha yai. Uwanja wa maonyesho ulinuka ng'ombe, mahindi ya kuchoma na sukari iliyoungua. Ardith aliimba saa nane mchana juu ya jukwaa la mbao, na watu wa kwao wakamshangilia kwa upendo, wakanyamaza kwa adabu alipoimba "Kahawa Imepoa", wakashangilia tena ulipokwisha. Muda wote macho yake yalikuwa yanatafuta. Kila kofia ilikuwa ya Virgil.

Baada ya kuimba kuna meza. Mwimbaji wa nyimbo hizi haondoki jukwaani akaingia garini kama mfalme. Hukaa mezani, watu wakapanga foleni, naye akamshika mkono kila mmoja na kumwandikia jina, mpaka wa mwisho. Hata mvua inyeshe. Anayeinuka kabla ya wa mwisho anasemwa miaka ishirini. Ardith hajawahi kuinuka. Siku ile ndiyo alijua meza ile ni mtego: kila mtu duniani ana haki ya kuja mpaka mbele yako, na wewe huna haki ya kukimbia.

Alikuwa amesaini kama sitini hivi alipoona mkono wenye makovu ya mashine ukiweka santuri mezani taratibu, kama unaweka mtoto.

"Shemeji," Virgil Tackett alisema. "Umenenepa. Nashville wanakulisha."

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele amezichana kwa maji. Mvi zimeingia. Angekuwa mzee wa kanisa. Ardith akajikaza kisabuni, akatoa lile tabasamu la kazi.

"Virgil. Kumbe wewe ndiye mpenzi wangu wa redioni."

"Ndiyo mimi. Kule bondeni kwangu redio inakatikakatika. Nilikuwa naandika maneno. Ubeti wa pili ulinichukua wiki mbili kuupata wote." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri mara nne. "Nimetazama ramani, shemeji, nikaulizia. Paducah wana makanisa matatu ya matofali. Moja tu ndilo lililo karibu na mto. Nimeomba ruhusa mgodini. Nakwenda Jumatano." Akainama kidogo, na sauti ikawa laini. "Nikasema lakini kwanza nimuulize dada mtu, si vizuri kwenda kwa watu bila taarifa. Yuko pale?"

Nyuma yake foleni ilikuwa inasubiri, wanawake wengi, mafeni ya karatasi yanapepea. Wote wanasikia. Ardith alielewa kwamba ana sentensi moja au mbili, na zikitoka vibaya mdogo wake atazikwa.

Akacheka. Hajui kicheko kile alikitoa wapi.

"Virgil, nikuulize. Wimbo wa kwanza unaujua?"

"Kuliko wewe. Mimi nilikuwa nimelala ndani yake."

"Ni mzuri?"

Taya likamcheza. "Ni mzuri," alisema. "Mungu anilaani, ni mzuri."

"Na huu wa pili? Niambie kweli, usinionee haya."

Virgil akatazama santuri. Alikuwa mtu katili, lakini nyimbo alikuwa anazijua; watu wa milima ile wote wanazijua. "Mbovu," alisema.

"Mbovu kwa nini?"

"Hauna mtu ndani."

"Haya. Sasa unipe jibu wewe mwenyewe. Nelda angekuwa ndani yake, ungekuwa mbovu hivyo?" Ardith akaongeza sauti, makusudi, hadi foleni isikie vizuri. "Nilikuwa na dakika kumi na tano, Virgil! Sina ubeti! Mwenye studio anataka mji, nikafumba macho nikaweka kidole kwenye ramani. Ningeangukia Memphis ungekuwa unakwenda Memphis. Nelda mimi hakuniaga, hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Kahawa niliipata kwa jirani zenu. Mengine yote nimetunga. Mimi ni muuza nyimbo, shemeji, na hii ya mwisho nimewauzia watu takataka."

Mwanamke mmoja alisema "He!" kwa sauti ndogo. Mabega ya Virgil yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Nilimwambia ndugu yangu," alisema. "Nikamwambia shemeji ameishiwa. Niandikie jina hapo."

Ardith akamwandikia. Lakini Virgil hakuondoka. Alisogea tu pembeni, mwisho wa meza, akasimama anajipepea kwa santuri yake, kama mtu anayesubiri basi.

Aliyefuata alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mikono mirefu ya gauni imefungwa vifungo hadi vidoleni katika joto lile. Ardith aliona mikono ile akajua kabla msichana hajafungua kinywa.

"Bi Ardith, naitwa Corva. Niliondoka mwezi wa tatu. Niliteleka kahawa, kama kwenye wimbo wako. Niko kwa shangazi." Alikuwa anaongea harakaharaka, akitazama meza. "Mume wangu anataka nirudi. Ameapa mbele ya mchungaji. Nikasema nitakuja kwanza nikuone. Nimesikia ulivyomjibu huyu baba, lakini nikasema labda... Wewe si uliondoka? Wewe si uliweza?"

Virgil aliacha kujipepea.

Ardith alitamani ardhi ipasuke. Kumjibu ndiyo ni kumpeleka Virgil Paducah. Kumjibu hapana ni kumrudisha mtoto wa watu kwenye ngumi. Akachagua damu yake, kama wengi wetu tungechagua, na akajichukia palepale.

"Ni wimbo tu, mwanangu," alisema. "Mimi sijawahi kuondoka popote."

Uso wa Corva ukazimika. Hakulia. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Haya, asante. Basi niandikie jina tu."

Ardith akavuta santuri, akashika kalamu. Akaandika: *Usirudi. Aliyeondoka yupo, mzima, na analala usingizi.* Alikuwa ameshafika nukta ndipo alipoona kivuli cha Virgil juu ya meza.

"Jina lako limekuwa refu, shemeji," Virgil alisema. Akanyoosha mkono. "Hebu nione."

Corva alikuwa ameshasoma. Akaichukua santuri akaikumbatia kifuani, maneno kwa ndani.

"Hapana," alisema.

"Nitakurudishia, binti. Natazama tu."

"Nimesema hapana. Ni yangu."

Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana kwenye jua la Agosti, na hakusogea. Virgil alibaki na mkono hewani. Uso wake ule wa kanisani ukaondoka, na kwa muda wa kupepesa jicho Ardith akaona uso aliokuwa akiuona Nelda jikoni. Akafikiri, hapa ndipo tunakufa sote.

"We baba!" sauti ya mama mmoja mnene ikatoka nyuma. "Wewe umeshasainiwa, unazuia nini? Tumesimama tangu saa tisa!"

"Sogea, bwana, miguu imevimba!" akadakia mwingine.

"Mwambieni apange foleni upya kama hakutosheka!"

Wakasogea mbele na mafeni yao na mikoba yao, wanawake thelathini wenye joto na hasira, na Virgil akajikuta anarudi nyuma hatua moja, halafu mbili. Corva alikuwa ameshapotea kati yao. Virgil akavaa kofia. Akamtazama Ardith juu ya vichwa vya watu.

"Nilipanga Jumatano," alisema. "Sasa sijui."

Ardith akasaini mpaka wa mwisho. Kuna watu Sorrel Fork hadi leo wana santuri ambayo jina lake halisomeki.

Jumatano alfajiri aliendesha gari hadi Paducah. Nelda alimfungulia mlango wa duka bila salamu, akampa aproni na ndoo. Kutwa nzima walifanya kazi bega kwa bega, na kila kengele ya mlango ilipolia walishtuka wote wawili, mmoja anadondosha ua, mwingine anashika mkasi. Akaingia mchungaji. Akaingia mjane. Saa tisa akaingia mwanamume mrefu mwenye kofia, na Ardith akasikia haja ndogo ikimbana kama mtoto. Bwana yule alitaka waridi moja kwa mke wake, akashangaa kwa nini dada wawili wanamtazama vile. Mchana, kati ya wateja, Ardith alimsimulia mdogo wake yote, na Virgil, na Corva, na alichoandika.

"Uliandika hivyo akiwa amesimama hapo?" Nelda aliuliza.

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," Nelda alisema, lakini alimshika mkono, na huo wa kwake usiokunja vizuri ulikuwa wa baridi.

Saa kumi na mbili jioni Nelda akageuza kibao cha mlangoni. Virgil hakuja.

"Labda ameamini," Ardith alisema.

"Labda. Na Jumatano ijayo? Na ile ya Krismasi?" Nelda alikuwa anafagia majani, mgongo ameugeuza. "Kasema hajui. Mtu asiyejua ndiye anayekuja. Dada, imba wa tatu. Sema nimekufa."

Ardith akacheka kwa woga. "Wa tatu! Huu wa pili wenyewe wamenicheka mpaka wapiga ngoma."

"Ndiyo maana usiwe kama huu. Umemfundisha mwenyewe: wimbo mbovu ni uongo. Basi nitungie mzuri. Gitaa moja, fidla moja. Niwe mimi ndani, mpaka asikie na aamini aache kunitafuta."

"Siwezi, Nelda. Wewe unajua ninavyotunga. Kizuri hakinijii mpaka nikione. Itabidi nikuone umekufa."

"Nione, basi."

Nelda akaweka ufagio. Akavuta kigoda, akakaa chini ya taa, mikono mapajani, ingali na maji ya mashina. Akamtazama dada yake bila kupepesa. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na hofu ilikuwa imemchora mistari miwili kando ya mdomo ambayo Ardith hakuwahi kuitazama vizuri, kwa sababu kila akija alikuwa akitazama mlango.

Ardith akachukua penseli na kitabu cha oda za maua. Kule mezani hakuogopa hivi.

"Umekufa kwa nini?" aliuliza mwishowe.

"Kifua, kama mama," Nelda alisema. "Nilikohoa wiki tatu, sikutaka kukusumbua. Ulikuja nimeshazikwa."

Ardith akaandika.